Duara la Maua Upenuni

Ukipita gulio la Nyakahura ukifuata barabara ya malori, nyumba yetu utaijua kabla hujaelekezwa. Bogenvilia imepanda hadi juu ya bati na mume wangu kila mwaka anatishia kuikata. Mbele kuna kana nyekundu na za njano, dalia zinazotaka kushikiliwa kwa vijiti kama walevi, na waridi moja ambalo nimelibembeleza kuliko nilivyowabembeleza watoto wangu, na bado linanuna. Kando ya ukuta kuna makopo ya rangi na madumu yaliyokatwa, yote yana miche ya kuuza. Watu wa hapa ni wa mihogo, mahindi na ng'ombe, kwa hiyo wananiuliza, "Mama, haya maua mnayala?" Nawajibu kwamba hatuyali, ila ninyi ndio mnayaiba. Ikikaribia harusi ya mtu huwa nakuta matawi yamekatwa, na kanisani Jumapili nayaona maua yangu yamekaa mezani yananitazama.

Nina ulimi mkali, sikatai. Lakini kuna upande mmoja wa nyumba hii ambako kwa miaka mingi nilikuwa nikipita nimefunga mdomo.

Sisi ni Wasukuma. Tulikuja huku kutoka Shinyanga kufuata ardhi na malisho, kama walivyokuja wenzetu wengi. Kwanza tulikaa Nemba, kwenye shamba la kukodi, kisha tukapata kiwanja hapa Nyakahura. Siku ya kununua, mbele ya mashahidi, mume wangu aliuliza swali ambalo kila mnunuzi wa ardhi huuliza: kuna kaburi? Muuzaji akasema hakuna. Hakudanganya, maana naye alikuwa amenunua kwa mtu na hakuwahi kulala hapo hata siku moja. Tulitembea kiwanja chote. Sisi kaburi tulilijua kwa tuta, au mawe, au msalaba. Hatukuona tuta. Tuliona mahali palipowahi kuwa na nyumba ya udongo, imekwisha kuanguka na kusombwa na mvua, pamebaki pamesawazishwa vizuri. Mume wangu akafurahi kwamba kazi ya kusawazisha imepungua, nasi tukajenga papo hapo.

Mvua za kwanza zilipokuja, maua yalitoka ardhini.

Sikuwa nimepanda kitu bado. Yalitoka bila jani hata moja, shina tupu, na juu yake kichwa chekundu cha mviringo, nyuzi nyuzi, kikubwa kama ngumi mbili. Maua haya hukaa chini ya udongo kwa vitunguu vyake kiangazi chote, huoni dalili, kisha mvua ikigusa ardhi yanachomoza yote kwa pamoja. Nilikuwa nimeyaona porini, moja huku, moja kule. Lakini haya yalikuwa yamepangwa. Yalianzia karibu na barabara yakaja katika mistari miwili, katikati pameachwa njia ya mtu kupita, na njia ile ilipinda kidogo, kisha ikaishia mbele ya kibaraza chetu, mahali ambapo sisi hatukuweka mlango. Mlango wetu uko upande mwingine. Ile ilikuwa njia ya mlango wa nyumba iliyokufa.

Nyuma, chini ya upenu, pale matone ya bati yanapoangukia, yalikuwa yametoka katika duara. Duara lenyewe lilikuwa na upana wa ungo wa kupepetea. Katikati hapakuwa na kitu.

Tangu siku hiyo nilijua ninaishi na mtu. Nilijua pia ni mwanamke, kwa sababu sijaona mwanamume anayepanda ua nyuma ya nyumba, ambako hakuna mgeni anayepita akamsifu. Nikawa nasema naye moyoni. Nikipanda bogenvilia namwambia, wewe ungeiweka wapi? Nikichimba nikakutana na kipande cha chungu chake, au jiwe la jiko lake limeungua upande mmoja, naliweka kando taratibu kama ninayepanga vyombo vya watu. Mara nyingine nikimwagilia nilihisi kabisa kwamba nikigeuka nitamkuta amesimama, amejishika kiuno, ananitazama ninavyoharibu. Nikawa mwenye nyumba anayepiga hodi kwake mwenyewe.

Sitaki kutia chumvi. Kuku walichakura kila mahali, wakafika kwenye lile duara wakachakura pia. Mbuzi alilala pale. Lakini mimi nilijaribu kupanda ua la jerani katikati, likaoza. Nikapanda kipande cha waridi, kikakauka. Mkono wangu wa kupanda unasifika hadi Biharamulo mjini, watu wanasema hata kijiti cha mswaki nikichomeka kinashika. Pale palinikataa. Kila mwaka mvua zikianza na duara likachomoza, niliingiwa na hofu, na hofu yenyewe haikuja peke yake.

Kule Nemba nilizaa mtoto wa kike. Aliishi mchana mmoja.

Mama mkwe, ambaye sote tulimwita mayu kwa Kisukuma, alimfunga katika kitenge changu cha kijani. Yeye na mume wangu wakatoka naye kwa mlango wa nyuma, wakarudi mikono mitupu, mayu akachemsha maji akaninyoosha tumbo. Nilipotaka kuuliza akaniwekea kidole mdomoni. Kwa mayu, kichanga hakiwekewi matanga. Mama mzazi haonyeshwi kaburi, maana akilijua atalirudia, na akilirudia tumbo litafunga. Alinipenda, simlaumu, alikuwa ananikinga kwa namna aliyokingwa yeye. Na kweli tumbo halikufunga. Nilizaa wengine, leo ni watu wazima na mmoja ananizidi ukali. Mayu mwenyewe amekwisha kufariki.

Lakini mwaka uliofuata tulihama Nemba, na hapa Nyakahura ndipo nilipoanza wazimu wa maua. Kabla ya hapo sikuwahi kupanda hata ua moja. Kila nikienda safari, gari likipita Nemba, nilikuwa nainamisha kichwa natazama viatu vyangu. Si kwamba sikutaka kutazama. Sikujua nitazame upande upi.

Mimi na mume wangu hatukulizungumza kamwe. Ni mtu wa maneno machache, ng'ombe wake ndio wanaomsikia. Nilidhani amesahau. Kuna siku nilimchukia kwa kusahau, nikampikia ugali mgumu makusudi, akaula wote, jambo lililonikasirisha zaidi.

Sasa, maua yanataka maji, na kiangazi cha huku hakina huruma. Kwa miaka nilibeba ndoo kutoka bondeni, nikilalamika kila ninapoitua. Nilimwomba mume wangu tanki la kuvunia maji ya mvua hadi nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Halafu, kiangazi kimoja, akaja nalo. Tanki jeusi la plastiki, refu kuliko mimi, limefungwa kamba juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Alishuka, akalipiga kofi kama anavyopiga ndama, akaenda kunawa. Nilicheka nikapiga vigelegele, majirani wakaja kutazama.

Asubuhi yake alizunguka nyumba akiangalia mwinamo wa bati. Maji yote ya paa letu yanashukia nyuma. Akasimama juu ya lile duara, akachora kwa fimbo.

"Msingi utakaa hapa," alisema.

"Hapo pana maua yangu."

"Mama, hapo pana vumbi."

"Yako chini."

"Basi yahamishe. Si wewe fundi wa kuhamisha?"

Alikuwa na haki. Kiangazi ndio wakati wenyewe wa kuhamisha maua yale, vitunguu vikiwa vimelala, na mahali vilipo mimi nilipajua hata nikifumba macho. Tanki lilikuwa langu, la maua yangu, nililolililia. Nikachukua kijembe nikaanza kuchimba, yeye akienda kuchota mchanga.

Vitunguu vilikuwa chini kuliko nilivyotegemea. Mwaka hadi mwaka vinajivuta chini, mizizi inavikokota. Nikafuata kimoja, kikanipeleka kuelekea katikati ya duara. Nikaweka kijembe kando nikachimba kwa vidole. Udongo pale ulikuwa laini, mweusi, si huu wetu mwekundu. Nikashika kitu kidogo kigumu. Nikakifuta kwenye khanga. Ilikuwa shanga nyeupe. Ya pili ilikuwa ya bluu. Halafu nyingine na nyingine, zimelala kwa mstari, uzi wake umekwisha kuoza, na mstari ule ulikuwa unazunguka. Zilikuwa shanga za kiuno. Kiuno chenyewe kilikuwa kidogo mno, kingeingia katika kiganja changu.

Nilikaa chini pale pale, miguu imenyooka kama mtoto. Mume wangu alirudi na ndoo ya mchanga akanikuta hivyo, shanga ziko kiganjani. Akatazama shimo. Akatazama kiganja. Uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, hata siku tulipoibiwa ng'ombe. Akashusha ndoo. Akapiga magoti, akazichukua shanga moja moja kutoka mkononi mwangu, akazirudisha mahali pake, akafukia kwa mikono, hakutumia jembe. Kisha akabeba mchanga wake wote kuupeleka upande wa mbele. Tanki liko mbele hadi leo. Mfereji unazunguka nyumba nzima kulifuata, umepinda na unavuja kila kiungo, fundi yeyote akiuona anacheka. Mume wangu hajawahi kueleza mtu kwa nini.

Wala mimi hakunieleza. Ila vitunguu vyangu vilirudi chini, na mvua zilipoanza duara lilitoka kamili.

Ni mvua hizo hizo ndizo zilizomleta mama mmoja mgeni.

Ilikuwa mchana, mawingu yamefunga. Nilikuwa najaza udongo na samadi kwenye viriba, vile vimfuko vya miche. Nikasikia hodi. Mwanamke mtu mzima, kunizidi mimi, khanga begani, ndala mkononi kwa sababu ya matope.

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nirikuwa napita, natoka kwetu Kibimba kusarimia wajukuu. Nikaona maua."

Nikamdhania mteja. Nikaanza maneno yangu ya siku zote: hii bogenvilia haitaki maji mengi, hii dalia usiipande kivulini. Alikuwa akiitikia "ego, ego", kama wanavyokubali watu wa Ngara, wale wanaogeuza kila l kuwa r, lakini macho yake hayakuwa kwenye makopo. Alikuwa anatazama mistari miwili ya maua mekundu. Halafu akaweka ndala zake chini akatembea katikati yake. Sisi wenyewe huwa tunakatisha, hakuna anayefuata njia ile. Yeye aliifuata. Palipopinda, akapinda. Alipofika mwisho wake, mbele ya kibaraza, ambako hakuna mlango wala kizingiti wala chochote, aliinamisha kichwa, kama mtu anayeingia nyumba ya mlango mfupi.

Nilijua nani amekuja.

Hakunisubiri nimwonyeshe. Alizunguka kona hadi nyuma, nami nikamfuata, mikono yangu ina samadi. Akachutama mbele ya duara.

"Bado yapo," alisema.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

Bati lilikuwa linadondosha matone taratibu. Kisha akaanza kusema bila kuniangalia. Mtoto alikuwa wa kiume, hata kulia hakulia vizuri. Kwao, alisema, kichanga hakipelekwi mbali. Wanakilaza upenuni, karibu na mama, kisikie sauti za watu wa nyumbani. Tuta hawakuweka.

"Nikapanda ua iri nisimkanyage. Kazi zangu zote zirikuwa huku nyuma. Kuosha vyombo, kupepeta. Ningemkanyaga kira siku."

"Na yale ya njiani?"

Akatabasamu kidogo. "Ningepanda hapa tu, watu wangeuriza. Nikapanda kira mahari."

Mume wake alipofariki, shemeji zake waliuza kiwanja, naye akarudi kwao. Mnunuzi hakuambiwa. Nani angemwambia? Waliojua walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amekufa.

Nikamweleza habari ya tanki. Nilitaka kuificha lakini mdomo wangu haujui kuficha. Nikasema tulichimba, nikasema nilishika shanga, nikasema tulizirudisha zote.

"Za rangi gani?" aliuliza.

"Nyeupe na bluu."

Akaziba mdomo kwa ncha ya khanga. "Nirimfunga mwenyewe," alisema, na akatikisa kichwa muda mrefu. Alipotulia akanigeukia, na ndio mara ya kwanza aliniangalia usoni.

"Mtu mwingine angeng'oa akaweka tanki rake. Na wewe, wa kwako yuko wapi?"

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye nina jibu la kila mpita njia.

"Sijui," nikasema.

Sikuwahi kulisema neno hilo kwa sauti. Lilitoka, na likavuta mengine yote nyuma yake, kitenge cha kijani, mlango wa nyuma, kidole cha mayu mdomoni mwangu, na nikalia kwa sauti kama waliaji wa msibani, na msiba wenyewe ulikuwa wa zamani kuliko mwanangu mkubwa. Yule mama hakuniambia ninyamaze. Alichimba kwa vidole ukingoni mwa duara, polepole, hadi akatoa kitunguu kimoja na shina lake na ua lake jekundu juu, akaniwekea mikononi kikiwa na udongo wake.

"Hiki umpandie wako," alisema.

Nilimpa miche aliyoweza kubeba. Sikumwomba akae zaidi, wala hakuomba kurudi, ila nilimwambia hapa ni kwake.

Mume wangu aliporudi na ng'ombe jua lilikuwa halijazama. Nilikuwa nimekaa kibarazani, kitunguu kimo ndani ya kopo mapajani. Sikumngoja anawe.

"Mtoto yuko wapi?" nilimwuliza.

Tuna watoto kadhaa, wote wazima, wametawanyika kila mahali. Hakuuliza ni yupi.

Alikaa kwenye ngazi ya kibaraza akiwa amenipa mgongo. Alisema yeye ndiye aliyechimba. Mama yake akasawazisha na kutandaza majani makavu ya migomba, nisije nikapatambua. Tulipohama, mwenye shamba akalima. Akasema amekwisha kurudi mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, kila anapokwenda mnadani. Anasimama na baiskeli yake pembeni, anatazama, anajaribu kupata mahali. Migomba imeng'olewa, pamelimwa mihogo, kisha mahindi, kisha mihogo tena.

"Niliogopa ungeniuliza," alisema, "na mimi sina cha kukuonyesha."

Miaka yote hiyo nilidhani ninaishi na jiwe. Nilishuka nikakaa karibu naye.

Asubuhi alichukua lile kopo. Nilitaka kwenda naye, akasema ngoja kwanza nikamwombe mwenye shamba, tusimtokee watu wawili tunalia. Alilifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, akavua koti lake akalizungushia ua lisipigwe na upepo. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiniambia kila mwaka kwamba maua ni majani yenye majivuno.

Alirudi mchana umekwisha kupoa, udongo umejaa kwenye kucha. Nikampa maji. Alikunywa yote kabla hajasema.

"Nimepanda."

"Umepata mahali?"

"Nimepanda pale nilipodhani. Mwenye shamba amesema jembe lake litapazunguka."

Nilimwuliza kama kuna kivuli, akasema hakuna. Nikamwuliza kama amekiweka chini vya kutosha, akasema kiasi cha kiganja, kama ulivyonifundisha. Sikukumbuka kumfundisha, huenda alikuwa akinisikiliza siku zote nikiwaeleza wateja. Nikaishiwa maswali ya kazi, likabaki lile moja.

"Ni upande upi?"

Alielewa. Aliweka kikombe chini, akafikiri, akanyoosha mkono kama yuko ndani ya gari.

"Ukitoka hapa Nyakahura," alisema, "ukae dirishani, upande wa kushoto."